Mzee wa Miaka 19

Kanisani kwetu mmisionari wa kiume anaitwa Mzee. Hata awe na miaka 18 na ndevu tatu za kuhesabika, akishabandikwa beji nyeusi kifuani ni Mzee Fulani, basi. Kwenye maandishi jina hilo halina shida. Jaribu sasa kupita nalo Tabata, Dar es Salaam, kidevu kimelainika kama yai, shati jeupe, tai, na kifuani umeandikwa "Mzee Mutua", uone kama watu watakuacha upite hivi hivi.

Mimi ni Mkamba wa Makueni, upande wa Chyulu, ambako Watakatifu wa Siku za Mwisho wana matawi tangu kabla sijazaliwa. (Wamormoni ni jina la mtaani. Tunaliitikia, ila hatulipendi.) Nilipoitwa kuhudumu miezi 24 nikaona wametaja Tanzania, nilicheka peke yangu. Wenzangu wanapelekwa nchi za watu kujifunza lugha kwa machozi, mimi natumwa kwa jirani. Kiswahili si nakijua?

Jumatatu, siku ya maandalizi, ndiyo siku yetu ya kufua na kununua vitu. Nikaingia dukani kwa Mangi (Dar mwenye duka Mchaga huitwa hivyo) nikasema, "Nipe mkate na maziwa." Mangi akaacha kupanga sabuni. Akanitazama, akamtazama mwenzi wangu wa misheni, akanirudia mimi. "Bwana mdogo, tumegombana lini?"

Mwenzi wangu ni kijana wa Idaho, Marekani, kwao wanalima viazi, na Kiswahili alifundishwa darasani kabla hajaiona Afrika. Akasogea mbele na mikono yake miwili. "Samahani kaka, habari za asubuhi? Naomba mkate, tafadhali." Mangi akatabasamu hadi gego. Mzungu akatuombea mkate, mimi mwana wa Afrika Mashariki nikabeba mfuko.

Jumanne ilikuwa mbaya zaidi. Kwetu Ukambani shikamoo tunaisoma kwenye vitabu vya shule, lakini kijijini haipiti sana. Mwenzi alikuwa amenipa somo la haraka: ukiamkiwa shikamoo, jibu ni marahaba, usiache mtu ananing'inia. Sasa kuna bibi mmoja anauza vitumbua pale njiani, umri wake nadhani ni ule wa uhuru. Akaisoma beji yangu pole pole, herufi kwa herufi. Akaweka upawa chini, akapiga goti kidogo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha daladala, "Shikamoo, mzee!"

Nami, mwanafunzi mzuri, nikajibu, "Marahaba. Hujambo?"

Kilichofuata sitaki kukieleza sana. Bodaboda wawili walilala juu ya pikipiki zao. Tangu siku hiyo kila tukipita, watoto walikuwa wananipanga mstari: "Shikamoo babu! Babu, fimbo iko wapi?" Na ukumbuke sina pa kujificha, maana mmisionari hatembei peke yake. Tunaamka pamoja saa 12:30 asubuhi, tunalala saa 4:30 usiku, na katikati mwenzi lazima akuone au akusikie, ukiacha msalani. Aibu yangu yote ilikuwa na shahidi.

Jumatano na Alhamisi zilikuwa za chai. Neno la Hekima, ambalo Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, alilipokea mwaka 1833, linatukataza chai na kahawa, na ukitaka kujua ugumu wa amri hiyo nenda ukakatae chai kwenye nyumba ya Mswahili. Pombe ukikataa unasifiwa. Sigara ukikataa hakuna anayekushangaa. Chai? "Ina nini chai yangu?" Siku mbili hizo tuliacha kina mama saba wamenuna. Ijumaa ilinyesha kutwa.

Basi tukafika Jumamosi.

Ndugu mmoja wa tawi alikuwa ametuambia kuna familia ya jirani yake iko tayari kutupokea saa kumi jioni: nyumba ya geti la bluu, ukishapita duka la Mangi. Tabata nzima ina duka la Mangi na geti la bluu, lakini hilo tulikuja kulifikiria baadaye. Mwenzi alibeba Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu, cha kuwazawadia, na kwa kuwa begi lake lilivuja mvua ya jana, alikuwa amekifunga vizuri kwa kitambaa cheupe.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni wazee! Tulishaanza kusema mmepotea."

Ndani kulikuwa na watu 14. Kina baba wamevaa makoti, kina mama vitenge vya sare, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, mkeka mpya katikati. Mwenzi akaninong'oneza, huku sikio limemwiva kwa furaha, "Hatujawahi kupata zaidi ya watatu!" Tukaketishwa mkekani. Nikasikia mama mmoja nyuma anamwambia mwenzake, "Yule mzungu ndiye bosi wake wa bandarini." Nikafikiri wanasema habari za mtu mwingine.

Ikaja chai ya tangawizi. Tukashika vifua: tunashukuru sana, hatutumii. Nikasubiri wanune kama wale saba. Lakini shangazi mmoja alitikisa kichwa kwa heshima. "Hawa wametumwa na watu. Unaona? Hawagusi kitu mpaka shauri liishe."

Baba mdogo wa nyumba akakohoa. "Haya wazee. Kilichowaleta ni nini?"

"Tumeleta ujumbe muhimu sana kwa familia hii," akasema mwenzi.

"Umetoka kwa nani?"

"Kwa Baba."

"Na baba mwenyewe hakuweza kuja?"

"Hamwezi kumwona leo, lakini anawajua wote kwa majina. Aliwajua kabla hamjazaliwa."

Kina mama wakatazamana. Baba mdogo akaonekana anapiga hesabu za ukoo. "Mtu wa Moshi?" akauliza mtu pembeni, akanyamazishwa.

"Anachotaka," mwenzi akaendelea, na hapa huwa anaweka mkono kifuani, "ni kwamba familia ziunganishwe. Si kwa maisha haya tu. Milele!"

Vigelegele! Nakwambia vigelegele vilivyopigwa mle ndani, rais wetu wa misheni angesikia angelia. Mimi mwenyewe machozi yalinilenga. Wiki nzima ya kuitwa babu, kumbe Mungu alikuwa anatuandalia nyumba hii.

"Sasa tumsikie huyo mwana," akasema baba mdogo. "Kazi yake?"

Niliona ni swali la kawaida, nikaamua na mimi nichangie. "Alikuwa seremala."

"Alikuwa? Ameachishwa?"

"Tuliambiwa yuko bandarini!" akadakia shangazi.

"Majini pia alikuwa anapita," nikasema. "Marafiki zake wengi walikuwa wavuvi."

Chumba kikapoa. Mwenzi, ambaye hajui chumba kikipoa kinakuwaje, akasukuma mbele kile kifurushi cha kitambaa cheupe. Baba mdogo akakipima mkononi, akashtuka kwa uzito wake. Uso ukamrudia rangi. "Hii barua si mchezo," akasema. Halafu akainama karibu, sauti ya mtu mzima kwa mtu mzima. "Tusizungushane, wazee. Mmekuja na kiasi gani?"

"Hapana, hapana!" Mwenzi akacheka kwa upendo wote wa Idaho. "Ni bure kabisa. Hatutoi wala hatupokei hata senti."

"Bure?" Shangazi alisimama, kitenge kikabaki nusu. "Mtoto tumemsomesha uhasibu mpaka digrii, aende bure? Kwa seremala asiye na kazi?"

Hapo ndipo nilipouona ule mlango wa chumbani. Pazia lilikuwa limefunguka kidogo, na nyuma yake msichana mwenye hina mikononi amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamruka kwa kicheko. Alikuwa anatusoma beji. Yeye peke yake mle ndani alikuwa ameshajua. Nami jasho likanianza mgongoni, nikamfinya mwenzi. "Mzee," nikamwambia, "hii ni posa."

"Posa ni nini?" Darasani hawakufika huko.

Kabla sijajibu, getini ikapigwa hodi. Wakaingia wazee wawili, wazee wa kweli, mvi, kofia, fimbo ile niliyokuwa nadaiwa mimi, na bahasha ndogo ndani ya kitambaa cheupe.

Sitasema tulitokaje. Tuliomba radhi kwa kila mtu mmoja mmoja, na mimi nilitoa shikamoo 14 bila kuruka hata moja, mpaka kwa mtoto wa darasa la pili. Tulipofika getini nilisikia baba mdogo, kifurushi chetu bado kwapani, anawaambia wale washenga, "Sikilizeni. Waliotangulia wametuahidi milele. Ninyi mmekuja na laki ngapi?"

Jumapili ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya kufunga. Sikuwa na hamu ya kula hata hivyo. Jioni mwenzi, ambaye ni mkweli kupita kiasi, alikaa na kalamu nusu saa akiwaza kama wale 14 waingie kwenye ripoti ya wiki.

Jumatatu nikampigia mama. Tangu 2019 tunaruhusiwa kupiga nyumbani kila wiki, zamani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu. Nikamsimulia yote, mkate, marahaba, seremala, kila kitu. Mama alicheka mpaka simu ikawa inakatakata. Halafu akatulia.

"Na msichana mwenyewe alikuwaje?"

"Mama, mmisionari haruhusiwi mambo hayo."

"Sijakuuliza sheria. Nimekuuliza alikuwaje."

Nikamtazama mwenzi. Alikuwa kitandani kwake anakunja soksi ile ile kwa mara ya nne, masikio wima. Nikageukia ukutani, nikahamia Kikamba.