Maisha Rahisi Yamenivunja Mgongo

Mgeni mmoja kutoka Nairobi alikula kwetu hapa Lamu wali wa nazi kwa samaki wa kupaka, akamshukuru Mungu, kisha akasema kwamba anatamani maisha rahisi kama haya yetu. Nilinyamaza kwa heshima ya mgeni, lakini neno hilo "rahisi" limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Wali ule alioumaliza kwa robo saa niliuhangaikia tangu alasiri. Mke wangu, Mama Salma, hataki kusikia habari za tui la paketi, kwani anadai kuwa lina ladha ya karatasi. Kwa hiyo mimi, mtu mzima niliyelipwa kiinua mgongo baada ya miaka thelathini ya ukarani, huuinamisha mgongo huohuo juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nazi mbili kwa kila kilo ya mchele, huku nikichunga kidole gumba kisiingie kwenye tui. Mlio wake, kwaru kwaru, huvuka ukuta hadi barazani, na wazee wenzangu hunyamazisha mazungumzo yao ili waufaidi vizuri. Nikimaliza, nazi husukumwa kwenye kifumbu na kukamuliwa; tui zito huwekwa kando lisubiri mwisho kama bwana harusi, na machicha hutiwa maji tena ili yatoe tui jepesi la kuanzia. Wali ukikaribia kukauka hupaliwa makaa juu ya kifuniko, nami hukabidhiwa kipepeo cha ukili na moshi wote wa nyumba. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001; kuta za matumbawe zinahifadhiwa, milango ya nakshi inahifadhiwa, ila mgongo wangu hakuna aliyeuandikisha.

Kisha kuna bustani. Kiwandani, yaani katika ua wa ndani ya nyumba, tumepanda mchicha na pilipili katika madebe, na kwa kuwa kisima chetu kina maji ya chumvi, mchicha huo hunyweshwa maji matamu ya mfereji, yale yanayotoka katika visima vya Shela chini ya vilima vya mchanga, ambayo mimi huyahifadhi katika madumu na kuyapandisha na kuyateremsha kila magharibi. Wiki iliyopita punda wa jirani aliukuta mlango wazi, akaingia bila hodi, akala mchicha wote hadi shina, akainusa pilipili na kuiacha, kisha akatuachia samadi katikati ya kiwanda. Nilipokwenda kulalamika, mwenyewe alinijibu kwa upole kwamba punda hajui kusoma mlango uliofunguliwa kwa bahati mbaya. Nilirudi nikitumaini kwamba angalau mke wangu angekasirika pamoja nami. Nilimkuta amechutama, anaigawa samadi ile kwenye madebe kwa mikono miwili, uso umemng'aa.

"Baba Salma," akaniambia, "mlango huo usiufunge sana."

Yote hayo ningeyasamehe kwa ajili ya ukoko. Ukoko ule wa chini ya sufuria, mwekundu, uliokolea mafuta ya tui, ni wangu kwa haki ya kipepeo, na wanangu wanalijua hilo tangu wakiwa wadogo. Siku ile ya mgeni Mama Salma aliukwangua wote, akauweka katika sahani ya maua na kumpelekea yeye kwa heshima. Aliula akitazama mnazi wa jirani, akisema "rahisi, rahisi sana."

Jana amepiga simu. Atakuja mwezi wa Desemba pamoja na jamaa zake sita kula embe ngowe na wali, na kwa utani akauliza kama safari hii kutakuwa na mbuzi. Nilimhakikishia kwamba mbuzi ipo, tena nimekwisha kuinoa.