Mafua kwa mgonjwa wa moyo: hatari iliyo nje ya mapafu

Mwezi Januari 2018 watafiti wa jimbo la Ontario, nchini Kanada, walichapisha utafiti ambao ulipaswa kubadili namna wagonjwa wa moyo wanavyoelezwa kuhusu mafua. Walichukua watu wa umri wa miaka 35 na zaidi ambao vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa na virusi vya influenza, yaani vya mafua makali, kisha wakatazama ni lini watu hao walilazwa kwa mshtuko wa moyo ndani ya mwaka mmoja kabla ya kipimo na mwaka mmoja baada yake. Walipata matukio 364. Kati ya hayo, 20 yalitokea katika siku 7 za kwanza baada ya kipimo, na 344 yalitawanyika katika muda wote uliosalia, yaani wastani wa takribani matatu kwa juma. Uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo katika juma hilo moja ulikuwa mara 6 ya ule wa kawaida.

Inafaa kuitafakari hesabu hiyo kabla ya kuendelea, kwa sababu njia iliyotumika kuipata ndiyo inayoipa uzito. Hapa hawakulinganishwa wagonjwa wa mafua na watu wengine wenye afya njema. Kila mtu alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe katika majuma mengine. Aliyekuwa na kisukari katika juma la mafua alikuwa nacho pia katika majuma mengine, na aliyekuwa mvutaji wa sigara aliendelea kuwa mvutaji. Kilichoongezeka ni maambukizi. Tena, baada ya siku ya 7 hatari ile haikuonekana kuendelea, jambo linaloashiria kwamba chanzo chake kilikuja na kuondoka pamoja na ugonjwa. Virusi vingine vya njia ya hewa, vikiwemo vile vya RSV ambavyo huwasumbua hasa watoto wachanga, navyo viliongeza hatari, ingawa kwa kiwango cha chini.

Maelezo ya kitabibu yanaafikiana na takwimu hizo. Homa huufanya moyo upige haraka zaidi na kuhitaji oksijeni nyingi, wakati uleule ambao mapafu yaliyoathirika yanaipunguza. Mwili unapopambana na virusi, mafuta yaliyogandamana katika kuta za mishipa ya moyo yanaweza kupasuka, na damu nayo huganda kwa urahisi zaidi. Kwa mtu ambaye moyo wake tayari umepungua nguvu ya kusukuma damu, mzigo huo wa ghafla unaweza kumjaza maji mapafuni hata pasipo mshipa wowote kuziba.

Wapo wanaoona kwamba jambo hili limekuzwa kupita kiasi, na hoja zao zina msingi. Mara 6 ya kitu kidogo bado ni kidogo: wengi mno miongoni mwa wanaopata mafua hawapati mshtuko wa moyo, na wanaopimwa kwa kawaida ni wale waliougua vibaya. Wanakumbusha pia takwimu za China za Februari 2020, ambapo vifo vya UVIKO-19 vilikuwa asilimia 10.5 miongoni mwa wenye magonjwa ya moyo na mishipa, dhidi ya asilimia 2.3 kwa wagonjwa wote, tofauti ambayo sehemu yake inaelezwa na umri mkubwa wa wagonjwa hao. Nakubaliana nao, na ndiyo sababu siegemei takwimu hiyo. Wanaongeza kwamba hofu nayo hudhuru, kwani mgonjwa anayejifungia ndani hukosa matembezi ambayo moyo wake unayahitaji.

Hoja yao nzito zaidi inahusu chanjo ya mafua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusisha zaidi ya wagonjwa 5,000 wenye moyo uliopungua nguvu katika nchi za Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, haukuonyesha kwa uhakika kwamba chanjo ilipunguza vifo vitokanavyo na magonjwa ya moyo na mishipa, mishtuko ya moyo na viharusi vikihesabiwa pamoja kwa mwaka mzima. Hata hivyo nimonia ilipungua kwa takribani asilimia 40, na katika miezi ambayo mafua yalikuwa yamesambaa, nafuu ilionekana hata katika matukio ya moyo. Chanjo dhidi ya virusi haiwezi kutarajiwa kumkinga mtu katika miezi ambayo virusi hivyo havipo. Kuipima kwa mwaka mzima ni kuichanganya na muda ambao haikuwa na kazi.

Kwa waliotoka kupata mshtuko wa moyo, ushahidi ni bora zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye washiriki 2,571 katika nchi 8, lilitoa chanjo au sindano ya maji ya chumvi ndani ya saa 72 baada ya matibabu hospitalini. Baada ya miezi 12 walikuwa wamefariki asilimia 4.9 ya waliopewa maji ya chumvi na asilimia 2.9 ya waliochanjwa. Jaribio hilo lilisitishwa mapema kwa sababu ya UVIKO-19, hivyo ukubwa kamili wa faida unaweza kujadiliwa, lakini mwelekeo wake uko wazi. Vyama vya wataalamu wa moyo vya Marekani vimependekeza chanjo ya mafua kwa wagonjwa wao tangu 2006, na bado katika kliniki nyingi dawa za presha na lehemu huulizwa kila ziara huku chanjo ikiachwa kama shauri la mtu mwingine.

Vivyo hivyo kuhusu dawa za kununua bila cheti. Ibuprofeni na diklofenaki huufanya mwili uhifadhi maji na chumvi, na dawa za kuzibua pua zenye sudoefedrini hupandisha presha. Zote mbili humezwa hasa katika siku zilezile ambazo moyo uko hatarini zaidi. Mgonjwa anapaswa kuambiwa hayo kabla hajaugua. Na aambiwe pia kwamba kifua kinachobana katika siku hizo, au pumzi inayokata anapolala, kisihusishwe na kikohozi mpaka moyo wake upimwe.