Inchi 3 si ya Kila Pikapu

Sailensa ya pikapu yangu ilipoanza kupiga kelele, niliingia chini ya gari na bisibisi nikaugusa mshono wa chini. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipoishusha sailensa na kuitikisa, kutu ilicheza ndani kama mbegu kwenye kayamba.

Karibu kila niliyemuuliza aliniambia jambo lilelile: weka bomba la moshi la inchi 3, injini ipumue. Nakataa kabisa. Ushauri huo umewaharibia watu wengi magari mazuri.

Pikapu ni gari la kazi. Yangu ina injini ya petroli, silinda 4, lita 2.4, haina tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Muda mwingi inazunguka kati ya mara 1,500 na 3,000 kwa dakika, mzigo ukiwa nyuma. Bomba lichaguliwe kwa ajili ya mizunguko hiyo inayofanya kazi kutwa, maana kukanyaga mafuta mpaka mwisho ni mara moja moja tu. Ukitoka inchi 2 kwenda 3, jicho linaona nyongeza ya inchi moja, lakini njia ya moshi imepanuka mara 2.25. Moshi ni uleule, kwa hiyo unatembea polepole na kupoa njiani. Moshi unaotoka silindani kwa kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kutoa masalia ya moshi, hasa kwenye manifoldi, yaani vile vibomba vinavyokusanya moshi wa silinda zote, na bomba la mbele. Ukipanua kupita kiasi, unaudhoofisha.

Wapo pia wanaosema moshi wa injini lazima ubanwe kidogo ndipo injini iwe na nguvu. Hapana. Kubanwa hakujawahi kuisaidia injini. Kinachoisaidia ni kasi ya moshi. Mtu anapanua bomba, gari linakuwa zito kuondoka, kisha anadhani amepoteza mbano.

Dizeli yenye tabo ni habari nyingine: moshi ukishavuka tabo, njia ikiwa wazi kabisa ndiyo bora.

Pesa ya kipenyo ningeipeleka kwenye kona. Bomba la inchi 2.5 lililokunjwa likabonyea linapitisha kama bomba dogo, na kwenye pikapu kona ni nyingi, hasa pale bomba linaporuka ekseli ya nyuma. Tafuta fundi mwenye mashine inayokunja bila kubonyeza. Na kabla ya kununua sailensa, pima bomba kwa nje na mdomo wa sailensa kwa ndani, uone kama vinaingiana.

Kuhusu sauti, sailensa nyoofu, ile yenye bomba la vitundu lililozungushiwa nyuzi za kioo, inapitisha moshi vizuri sana. Lakini niliwahi kukaa saa 3 kwenye pikapu ya rafiki aliyeifungia iliyo fupi. Kwenye mizunguko 2,000, injini ya silinda 4 inalipua kama mara 67 kwa sekunde, na kibanda kile kidogo kiliitikia kama ngoma. Tuliposhuka, bado mvumo ulikuwa masikioni. Ukiitaka nyoofu, chukua ndefu na nene kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mdomo wa nyuma usiukate mfupi. Utokeze nje ya bodi, mbali na kibanda, maana kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Mwenye turubai au kifuniko nyuma awe mwangalifu zaidi, kwa sababu hewa ya nyuma ya gari hurudi ndani.

Mimi nimebaki na inchi 2.25 ileile ya kiwandani, na sailensa ndefu yenye vyumba, ya chuma kisichoshika kutu upesi, iliyotobolewa kitundu chini. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji, na kwenye safari fupi sailensa haipati moto wa kuyakausha. Hayo ndiyo yaliyoila ile ya zamani. Asubuhi ya kwanza nilipowasha gari, niliinama kuangalia: maji yalikuwa yanadondoka kwenye kitundu, tone baada ya tone.