Chumvi Imeisha, Washa Gari

Mwenzenu naishi kitongoji kimoja nje ya Dallas, Texas, na leo mniache niseme, maana mkiniona kwenye picha nimeegemea gari mnadhani jamaa katoboa. Katoboa wapi! Gari huku ndiyo miguu yenyewe. Mboga iko jikoni, chumvi imeisha: zima jiko, tafuta funguo, funga mkanda, ingia barabara ya njia sita kufuata pakiti moja ya chumvi. Dar ningemtuma mtoto kwa Mangi, na chenji angeila ubuyu.

Shangazi ananiuliza kwenye simu, "Kwani huwezi kutembea, baba?" Natembea wapi, shangazi? Njia ya waenda kwa miguu ipo, tena ya zege safi, ila ikifika kona ya kanisa inaishia kwenye majani, kama vile fundi aliitwa kula akapotelea hukohuko. Juzi napita hapo na mfuko wa vitunguu, mama mmoja akasimamisha gari, akashusha kioo, akaniuliza kwa huruma gari langu limeharibikia wapi. Nikamwambia halijaharibika, natembea tu. Akapandisha kioo taratibu, akafunga na milango.

Nikauliza, kwa nini mtu asifungue hata kigenge pale kona? Nikaambiwa hairuhusiwi. Mji una ramani ya rangi: rangi hii ni nyumba za familia moja moja, ile ni maduka, na kila mtu abaki kwenye rangi yake. Mambo ya zamani haya. Mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibariki miji kugawa ardhi namna hiyo, na Jaji Sutherland akaandika kwamba jengo la wapangaji likiwekwa kwenye mtaa wa nyumba za watu, mara nyingi ni kimelea tu. Kimelea! Mimi hapa, chumba na sebule, kodi inakatwa kabla sijanunua unga, madirisha yanatazama duka la matairi kwa sababu ndiko rangi yetu iliko.

Lakini kinachonimaliza ni baa. Miji mingi huku imeilazimisha baa, kwa sheria, iwe na maegesho kulingana na ukubwa wa ukumbi. Baa, jamani! Sheria inakutaka uje na gari, ukinywa hiyohiyo inakusubiri mbele na tochi. Dallas wenyewe wameanza kulegeza masharti ya maegesho mwaka 2025. Ahsanteni, ila mimi naishi nje ya Dallas.

Binamu yangu wa Minneapolis ndiyo hanipi pumzi. Baraza la mji wao lilipitisha mwaka 2018 kwamba kiwanja cha familia moja kinaweza kujengwa nyumba ya familia hadi tatu. Ananitambia nayo kila akipiga, theluji imemfika magotini. Na sisi Texas tumepata yetu: tangu Septemba 2025, kwenye miji mikubwa, mradi mpya wa nyumba wa kuanzia ekari 5, mji hauwezi kuulazimisha kila kiwanja kizidi futi za mraba 3,000. Mtaa uliokwisha kujengwa, kama huu wetu, ubaki na majani yake.

Basi kukaitishwa kikao, kuna mtu anaomba kujenga nyumba ya familia mbili. Mbili tu, si ghorofa la Kariakoo. Mzee mmoja akasimama, sauti inatetemeka: mtaa utaharibika, magari yatajaa! Mzee huyo namjua. Ana matatu uani na la nne limefunikwa turubai, halijawahi kuwashwa tangu nihamie. Wakampigia makofi. Kikao kikaahirishwa, tukajipanga foleni ya kutoka maegesho, mzee nyuma yangu, ananipigia honi.