Sakafu ya Formula 1 imesingiziwa

Mei 2023, wakati wa kufuzu kwa mbio za magari za Formula 1 mjini Monaco, dereva Sergio Perez aligonga ukuta na gari lake la timu ya Red Bull likanyanyuliwa juu juu na kreni. Picha zilizosambaa baadaye hazikuwa na habari na dereva. Zilikuwa za tumbo la gari: mahandaki mawili, matuta yasiyotarajiwa, kingo zilizokunjwa kwa ustadi. Siri ambayo timu huificha hata gerejini ilikuwa inaning'inia hadharani, na wahandisi wa timu pinzani waliitazama bila kulipa senti. Msimu ule Red Bull ilishinda mbio 21 kati ya 22.

Sakafu ya namna ile imeondoka. Kanuni za 2026 zimeisawazisha kwa sehemu kubwa, na yale mahandaki marefu yaliyopigwa marufuku 1983 na kurudishwa 2022 yamefutwa. Wengi wameshusha pumzi. Kwao, sakafu ya kufyonza ilikuwa jaribio lililoumiza migongo ya madereva, likafuta matokeo ya mbio kwa vipande vya milimita, kisha likashindwa kutimiza lilichoahidi: magari yaweze kufuatana kwa karibu.

Tuanze na mashtaka hayo, maana si ya uongo. Sakafu hufanya kazi kwa kuubana upepo kati yake na lami. Upepo ukibanwa huenda kasi, shinikizo hushuka, gari linafyonzwa chini. Kadiri inavyokaribia lami ndivyo inavyofyonza zaidi, hadi njia inapokuwa finyu mno, upepo unakwama, mfyonzo unakatika ghafla na gari linaruka juu. Likishapanda, upepo unapita tena, nalo linavutwa tena chini. Hayo yote mara kadhaa kwa sekunde moja, kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Waingereza waliupa mdundo huo jina la pomboo, anavyoibuka na kuzama. Baku, Juni 2022, Lewis Hamilton alijikongoja kutoka garini ameshika mgongo. FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizo, likaweka kipimo cha mitikisiko, na mwaka uliofuata likapandisha kingo za sakafu kwa milimita 15.

Kisha kuna ule ubao chini ya gari, unaopimwa ili kujua kama gari lilishushwa mno. Una unene wa milimita 10, na baada ya mbio haupaswi kupungua chini ya 9. Shanghai mwaka 2025 Hamilton alimaliza wa sita, ubao wake ukapimwa na kukutwa na milimita 8.5 upande mmoja; akafutwa. Novemba mwaka huohuo, Las Vegas, magari yote mawili ya timu ya McLaren yalifutwa. Dereva wao Lando Norris alikosea kwa milimita 0.12, unene wa karatasi moja hivi, na pointi 18 za nafasi ya pili zikayeyuka. Wiki mbili baadaye alitwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi mbili tu. Mtu akiniambia kwamba mchezo unaoamuliwa kwa unene wa karatasi una kasoro, sina pa kumkatalia.

Ila nauliza: springi alizikaza nani?

Mdundo ule haukuwa mgeni. Gari la Lotus 80 liliupata mwaka 1979, na ndani ya timu hiyohiyo ya Lotus watu wakaanza kutafuta dawa: mfumo wa springi unaojirekebisha wenyewe ili gari lisibadilishe kimo chake kutoka lami. Timu ya Williams waliukamilisha, na gari lao la 1992 lilitembea kama limewekwa juu ya reli. Ukapigwa marufuku baada ya msimu wa 1993. Sasa angalia kilichofanyika 2022. Kanuni zilirudisha sakafu inayodai kimo kisichobadilika, na kanuni hizohizo zikaondoa vifaa vya haidroliki na vya kupoza mitikisiko vilivyokuwa vimebaki. Wakaachiwa springi na shokapu za kawaida, chini ya gari lenye uzito usiopungua kilo 798 bila mafuta. Timu zilifanya jambo pekee lililowezekana: zikashusha gari na kukaza kila kitu, uti wa mgongo wa dereva ukageuzwa shokapu. Hapo aliyekosea ni aliyeandika kanuni, aliyempa mtu farasi mkali akamnyima hatamu.

Na ahadi yenyewe? Takwimu zilizotolewa na Formula 1 zilisema kwamba gari la kanuni za zamani likiwa mita 10 nyuma ya jingine hupoteza asilimia 46 ya nguvu inayolikandamiza barabarani. Kwa gari la kanuni za 2022, asilimia 18. Nimeirudia tarakimu hiyo mara nyingi, na bado naona watu wanaipita haraka. Asilimia 46 ina maana kwamba dereva anaingia kona ya kasi akiwa na karibu nusu tu ya mshiko wa hewa aliokuwa nao peke yake. Matairi yanateleza, yanachemka, na baada ya mizunguko mitatu analazimika kurudi nyuma ili yapoe. Haiwezekani kushindana na mtu ambaye huwezi hata kumkaribia. Kwa asilimia 18 unaweza kumng'ang'ania. Sababu ni kwamba mahandaki huurusha upepo juu, kupita kichwani mwa anayefuata, na kwamba anayefuata naye hategemei tena bawa la mbele peke yake, kiungo kinachoathirika zaidi na upepo uliovurugwa.

Wakosoaji watasema kufikia 2025 madereva walikuwa wanalia kilio kilekile cha zamani. Kweli. Lakini uchafu wa upepo ulirudi kupitia pembe za bawa la mbele, vibawa vya kwenye magurudumu na kingo za sakafu ambako timu zilipata mianya ya kuusukuma upepo nje. Mianya huzibwa kwa kuandika vizuri. Handaki lenyewe halikuwa na hatia.

Kuna deni jingine ambalo sakafu haijalipwa, nalo ni chesisi, yaani kiwiliwili cha gari, ya nyuzi za kaboni. Tunaizungumzia kana kwamba ililetwa kwa ajili ya usalama au wepesi. Mwanzo wake ulikuwa tamaa ya mahandaki. Mwaka 1980 John Barnard, mhandisi wa McLaren, alitaka kiwiliwili chembamba ili mahandaki ya pembeni yapate nafasi. Chesisi ya alumini ikifinywa kiasi hicho inajipinda, na gari linalojipinda halina kimo cha kutegemewa. Akahitaji kitu chembamba lakini kigumu. Kampuni ya Hercules ya Utah, Marekani, iliyozoea kazi za anga, ikakubali kumtengenezea.

Kazi yenyewe ni ya mkono. Vitambaa vya nyuzi, kila unyuzi mwembamba kuliko unywele mara kumi hivi, huwa vimelowa gundi tayari na huhifadhiwa kwenye friza ili isigande mapema. Hukatwa, hulazwa kwenye kalibu tabaka juu ya tabaka, kila moja likielekea upande nguvu itakakotokea. Katikati huwekwa sega la alumini, mfano wa sega la nyuki. Kisha vyote huokwa kwenye tanuri lenye shinikizo. Tabaka moja likilazwa mshazari usiotakiwa, hesabu nzima imeharibika.

Wengi hawakuiamini. Walisema ikigongwa itakuwa vumbi. Monza, Septemba 1981, John Watson, dereva wa McLaren hiyo ya kaboni, alishindwa kulidhibiti gari, injini ikang'oka nzima kutoka kwenye chesisi, naye akatoka kwa miguu yake. Ubishi uliisha pale. Ndiyo, kaboni ina visa vyake: ni ghali, ni ngumu kuichakata upya, na vigae vyake hupasua matairi ya wengine. Ningevivumilia.

Nakiri kwamba marufuku ya 1983, iliyolazimisha sakafu bapa, ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Sketi za pembeni zilizoziba upepo zikikwama, mshiko uliondoka bila onyo katikati ya kona, na miguu ya dereva ilikaa mbele ya ekseli, ndani ya magari ambayo mengi bado yalikuwa ya alumini. Hoja hiyo haikuwepo 2026. Madereva wa sasa wanakaa ndani ya kaboni, na chesisi yao ni nyembamba kama Barnard alivyoitaka, ingawa mahandaki aliyoifinyia yameondolewa.