Nileteeni Ramses II: mwili wa Mrusi, injini ya Mmarekani

Mimi kwenye gemu la vita la War Thunder nimekaa na T-54, kifaru cha Kisovieti, muda mrefu sana, kwa hiyo ombi hili kwa watengenezaji, watuwekee Ramses II ambayo ni T-54 ya Misri iliyofanyiwa ukarabati, naliandika kwa machungu. Ukikutana nacho uso kwa uso kwenye tambarare ni kigumu, chuma cha mbele ni milimita 100 tena kimelazwa, risasi kibao zinateleza zinaenda zake. Shida ni kilima. Mzinga haushuki, yaani ili umwone adui inabidi upandishe kifaru kizima kileleni kama mbuzi juu ya kichuguu, unapiga moja, halafu unabonyeza rivasi ujifiche na hapo ndo utajua hujui, kilomita 7 kwa saa!! Jamaa anamaliza chai yake ndo anakupiga. Na ikikuingia pale kulia kwa dereva zilikopangwa risasi zako mwenyewe, basi, rudi gereji.

Sasa Wamisri walikuwa na vifaru hivi kweli sio kwenye skrini. Rais wao Sadat aliwafukuza washauri wa Kisovieti 1972, 1976 akauvunja na mkataba wa urafiki, spea zikawa shida, halafu baada ya amani na Israel 1979 misaada ya kijeshi ikawa inatoka Marekani. Una bodi nzima lakini aliyekuwa anakuuzia spea mmegombana, unafanyaje? Mwenye Land Rover 109 ya mzee jibu analo, anaipeleka kwa fundi, injini ya zamani inatoka inafungwa ya Isuzu, panapogoma panakatwa na kuchomelewa, gari linarudi barabarani na kelele mpya.

Ramses II ndo hiyo hiyo ila kwa bajeti ya jeshi. Miaka ya 80 kampuni ya Marekani, Teledyne Continental, ilichukua T-54 ikang'oa injini ya hospawa 520 ikafunga dizeli ya AVDS-1790, ukoo ule ule wa injini za M60, kifaru cha Marekani, hii ikitoa 908. Giaboksi nayo ikabadilishwa. Mzinga wa milimita 100 ukatoka ukaingia M68 wa 105 kama wa M60, na mitambo ya kulengea yenye leza ya kupimia umbali ikatoka Ubelgiji. Na kwa kuwa Misri walipewa M60A3 pia, risasi za stoo moja zinalisha vifaru vya kambi mbili zilizokuwa zinatunishiana misuli dunia nzima. Hicho kitu mimi kinanichekesha kila nikikifikiria.

Najua mtaniambia kwenye gemu tayari Israel wana Tiran 4S, Wachina wana Type 59 yao yenye 105, zote ni za ukoo wa T-54, hii nyingine ya nini. Ya gia jamani! Wale kilichobadilika sana ni huko juu, ukishuka chini bado unamkuta babu yule yule anakohoa. Ramses kimebadilishwa huku tumboni, na wakikitengeneza kwa haki maana yake unapanda kilima unapiga unarudi kabla jamaa hajageuza kichwa.

Ila kisipendelewe. Chuma chake bado ni cha enzi zile, risasi za mshale za siku hizi zinakipita kama karatasi, kwa hiyo mimi ningekiweka BR (namba ya gemu ya kupanga nani akutane na nani) ya 8.3, ikizidi sana 8.7, na kisiwe premium, yaani cha kununua kwa hela, watu wakitolee jasho kama vingine.

Kwenye mti wa nani sasa, yaani orodha ya vifaru vya taifa gani kwenye gemu, hapo ndo ugomvi utakapoanzia. Kwa Warusi hapana, kwa Wamarekani sijui. Mimi naona kwa Mwingereza, maana tayari kuna Olifant za Afrika Kusini pale, nazo ni Centurion, vifaru vya Mwingereza, zilizopitia kwa mafundi. Mmisri kukaa kwa Mwingereza najua kuna watu itawauma na wana haki, lakini mimi nikishapata rivasi inayokimbia kiwekeni hata kwa Waitaliano.