Buzzcocks kusaini United Artists: mi naona walikuwa sahihi, ila kuna kitu walikiacha njiani

Kila ikitajwa bendi ya Uingereza iliyoweka msingi wa pop panki, yaani ile panki ya spidi na gitaa za fujo lakini melodi inakubakia kichwani siku nzima, jina la Buzzcocks wa Manchester linakuja mapema sana, na likishakuja tu ubishi uleule unaanza. Je walifanya sawa kusaini na kampuni kubwa ya United Artists tarehe 16 Agosti 1977, wakati hata miezi 7 haijaisha tangu watoe santuri yao wenyewe, kwa lebo yao wenyewe, kwa hela ya kukopa kwa ndugu na marafiki? Kuna mashabiki wanaamini pale ndo walipopoteza roho. Wengine wanasema bila ule mkataba wangebaki bendi ya mtaa tu. Mi nina upande wangu na nitausema, ila kwanza lazima tuwe wakweli kuhusu kile walichokuwa nacho mkononi kabla hawajasaini, maana watu wengi wanaotetea mkataba wanakipunguza sana.

Howard Devoto, mwimbaji wao wa kwanza, na Pete Shelley, mpiga gitaa, walikutana chuoni, Bolton Institute of Technology. Februari 1976 wakasoma kwenye gazeti la NME habari za bendi mpya ya London inaitwa Sex Pistols, wakafunga safari kwenda kuwaona, wakarudi kaskazini wameshaamua na wao wanakuwa bendi. Tena hawakuishia hapo, wakawaleta Sex Pistols Manchester kwenye ukumbi wa Lesser Free Trade Hall tarehe 4 Juni 1976. Wao wenyewe siku hiyo hawakupiga, bendi ilikuwa haijakamilika, wakaja kupiga kwenye shoo ya pili tarehe 20 Julai wakiwa na Steve Diggle kwenye besi na John Maher kwenye dramu, dogo wa miaka 16. Shoo ya Juni walikuwepo Peter Hook na Bernard Sumner, ambao baadaye tukawajua kwa bendi ya Joy Division. Kwa hiyo kabla hawajarekodi hata wimbo mmoja hawa jamaa walikuwa wameshawasha moto kwenye mji mzima, na hiyo ni muhimu kwa hoja nitakayoileta mbele.

Tarehe 28 Desemba 1976 wakaingia Indigo, studio ya palepale Manchester, na prodyuza Martin Hannett, wakatoka na nyimbo 4 siku hiyohiyo. Hela ilikuwa kama pauni 500 za mkopo, baba yake Shelley akiwa mmoja wa waliochangia. Wakachapisha kopi 1,000 za kuanzia, wakaita lebo New Hormones, meneja wao Richard Boon akapiga picha ya kava kwa kamera ya Polaroid, na mwisho wa Januari 1977 ikatoka Spiral Scratch. Kopi zikaisha, wakachapisha tena na tena mpaka zikafika kama 16,000. Kitu ambacho mimi kinanigusa zaidi ya hizo kopi ni kava, kwa sababu waliandika pale kila wimbo umerekodiwa jaribio la ngapi na kama kuna kitu kimeongezwa juu yake au hakuna. Unajua maana yake ni nini kwa kijana anayeishika ile santuri mwaka 1977? Anaambiwa waziwazi hakuna uchawi hapa, tumeingia, tumepiga mara tatu, tumetoka, na wewe unaweza. Wakati huo kurekodi ilionekana ni kazi ya watu wa London wenye kampuni nyuma yao.

Hapo ndo ilipo nguvu ya wanaosema walikosea. Hoja yao sio kwamba hela ni mbaya, hapana, hoja yao ni kwamba Buzzcocks walikuwa wameshathibitisha njia nyingine inawezekana halafu wao wenyewe wakawa wa kwanza kuiacha. Ni hoja nzito na mi siipuuzi.

Ila kuna kipande chake kimoja ambacho hakisimami kabisa, kile cha Devoto. Devoto aliondoka mapema tu baada ya santuri kutoka, wakiwa wamepiga shoo chache sana, kwa sababu aliona panki imeshaanza kujirudia, na watu wanapenda kumchora kama mtakatifu aliyekataa biashara huku Shelley akibaki kuuza duka. Sasa mbona Devoto huyohuyo alianzisha bendi ya Magazine na akasaini na kampuni ya Virgin, na singo yao ya kwanza ikatoka Januari 1978? Yule hakukimbia kampuni, alikimbia aina ya muziki. Ni uamuzi wake na Magazine ilikuwa bendi kubwa kweli, lakini tusimtumie kumhukumu mwenzake.

Upande wa pili sasa. Kopi 16,000 ni nyingi kwa vijana waliokopa, lakini fikiria kazi yenyewe, Uingereza ya 1977 bado haikuwa na mtandao wa kusambaza santuri za lebo ndogo kama uliokuja kujengwa baadaye, ulikuwa unauza kwa posta na kwa maduka machache yaliyokubali kukusikiliza, na kila ukichapisha tena lazima utoe hela kwanza ndo usubiri irudi. Mtunzi aliyekuwa anaandika kwa kasi ya Shelley asingeweza kutoa nyimbo zote zile kwa mtindo huo. Na aina ya nyimbo zenyewe inahusika pia. Devoto alipoondoka Shelley akashika maiki, Diggle akahama kutoka besi kwenda gitaa, na mada zikageuka, ukali ukabaki lakini sasa unaimba mapenzi, wivu, kuachwa, kutamani mtu asiyekutaka. Tena Shelley alikuwa anakwepa makusudi kuonyesha kama anayependwa ni mwanamke au mwanaume, ili yeyote anayesikiliza ajikute mle ndani. Nyimbo za namna hiyo zinahitaji redio. Zinahitaji kumfikia msichana wa miaka 15 kwenye kijiji ambacho hakina duka la santuri, na mimi naamini kabisa huyo msichana alikuwa na haki ya kuzisikia kuliko sisi tulivyo na haki ya kuona bendi imebaki safi.

Na walisaini kwa masharti. Andrew Lauder, aliyewasainisha pale United Artists, aliwaachia mamlaka juu ya kazi yao, na ushahidi uko kwenye singo ya kwanza kabisa, wimbo unaongea mambo ya ngono wazi mpaka BBC wakagoma kuupiga, na kava lake ni kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, ya msanii Linder Sterling, inaonyesha mwanamke ambaye badala ya kichwa ana pasi ya nguo, mpangilio wa Malcolm Garrett. Kampuni inayotaka kukufuga haikutoi na kitu kama hicho mara ya kwanza. Mwaka uliofuata, Septemba 1978, ikaja Ever Fallen in Love na ikafika namba 12 kwenye chati ya Uingereza, na mpaka leo ukichukua ule wimbo unakuta karibu kila kitu ambacho bendi za pop panki zimekuwa zikikitafuta tangu hapo.

Lakini sasa angalia mwaka 1978 wote. Albamu 2, singo 5, na ziara katikati. Albamu ya kwanza namba 15, ya pili namba 13, ya tatu ya 1979 ikashuka mpaka 26. United Artists yenyewe ikamezwa na kampuni ya EMI, na 1981 bendi ikavunjika. Mkataba ulizilinda nyimbo zao, haukuwalinda wao. Hakuna aliyewaambia pumzikeni miezi sita, na hapo wakosoaji wana pointi ambayo sisi tunaotetea tunairuka kila siku.

Kwangu mimi hasara kubwa zaidi iko sehemu ambayo wachache wanaitaja. Bendi iliposaini, New Hormones ilikaa karibu kimya mpaka kwenye 1980 ndo Boon akaifufua. Yaani ile miaka ambayo Manchester ilikuwa inachemka, vijana waliowashwa na zile shoo mbili wanatafuta mtu wa kuwatoa, lebo iliyofungua mlango ilikuwa imelala. Mwaka 1978 Tony Wilson, mtangazaji wa TV, na wenzake wakaanzisha lebo ya Factory, Hannett aliyerekodi Spiral Scratch akaenda kufanya kazi kule, na Joy Division wakatolea albamu yao palepale. Nafurahi Factory ilikuwepo, ila Buzzcocks wangeweza kusaini kama bendi na bado wakaiacha New Hormones inafanya kazi kwa ajili ya wengine, hakuna kinachofanya hayo mawili yapingane, Boon alikuwepo, jina lilikuwepo, na baada ya 1978 hela ya kuanzia isingekuwa tena ya kumkopa baba wa mtu.

Agosti 1979 Spiral Scratch ikachapishwa upya na ikafika namba 31. Wapinga mkataba wanasema unaona, kazi ya pauni 500 iliingia chati. Watetezi wanasema iliingia kwa sababu jina lilikuwa limeshakuzwa na United Artists. Mi naona kundi la pili liko karibu zaidi na ukweli, wale wanunuzi wengi walikuja kwa Shelley wa mapenzi na wivu, wakageuka nyuma kumtafuta Devoto.